Keki ya Chenga Niliyooka Buhembe

Nilirudi nyumbani Nshamba mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, baada ya miaka tisa ya utawa. Sikufukuzwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo swali nililolisoma kwenye nyuso za watu mwaka ule wote, ingawa hakuna aliyeliuliza. Nadhiri zangu za muda zilikwisha, nikaambiwa niandike barua ya kuomba nadhiri za daima, na barua hiyo sikuiandika. Mama Mkuu alinipa mwaka mzima wa kufikiri. Nikafikiri mwaka mzima. Mwisho wake nilimwambia kwamba sijisikii vibaya wala vizuri, na kwamba ninaposali ni kama ninamsomea mtu mwingine barua yake. Hakunigombeza. Alinipa gauni la kijani lililokuwa limenizidi mabegani, akanibariki, akanisindikiza mwenyewe hadi getini.

Basi liliniteremsha Muleba mchana. Nikapata gari dogo la kwenda Nshamba, na kutoka pale kwenye maduka nikatembea na begi langu moja. Baba alikuwa kibanjani, shamba letu la migomba karibu na njia, akikata majani makavu ya migomba. Aliniona kabla sijamwona.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, Tata."

"Mama yako yupo ndani."

Akaendelea kukata majani. Hayo ndiyo maneno tuliyozungumza siku ile, na ukiondoa salamu za asubuhi, ni karibu yote tuliyozungumza mwezi ule.

Mama alinipa chai, kisha ndizi na maharage, akakaa mbele yangu akinitazama nikila. Nilipomaliza alininyooshea mkono akanigusa nywele, zilizokuwa fupi na zimelala upande mmoja kwa sababu ya kitambaa nilichozoea kufunga, akasema zitakua. Akachukua sahani akaenda kuosha.

Baba ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, yaani zile familia jirani za Kikatoliki zinazokutana kila Jumamosi kusali, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kwa miaka tisa alikuwa pia baba wa Sista, na nadhani cheo hicho cha pili ndicho alichokipenda zaidi. Nilipokuwa mnovisi, bado naandaliwa kuwa mtawa, alikuwa akinitembelea mara moja kwa mwaka, amevaa koti hata kukiwa na joto, na alipenda nimtambulishe kwa kila mtu tuliyekutana naye kwenye korido. Sasa zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya ilipofika, aliwaambia watu kwamba bati linavuja. Lilikuwa halivuji. Zamu ikapita kwetu ikaenda kwa jirani, na baba akaenda huko na biblia yake kama kawaida.

Majirani waliendelea kuniita Sista. Wengine kwa heshima, wengine kwa kukosa neno lingine. Mama mmoja, rafiki wa mama wa siku nyingi, alikuja kunisalimia siku tatu mfululizo, na kila alipoingia macho yake yalitua kwanza tumboni kwangu. Aliendelea kupitapita wiki baada ya wiki. Alipoona tumbo halikui, akapunguza kuja.

Mimi sikuumia. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu, kama kulikuwa na la ajabu. Nilifagia uwanja, nikachota maji, nikamenya ndizi, nikaenda kanisani nikakaa benchi la nyuma. Nilingoja nilie, kama mtu anavyongoja chafya, uso ukiwa umeshajiandaa, na haikuja. Usiku nililala vizuri. Chakula kilishuka. Mtu angeniuliza u hali gani, ningejibu salama, na ingekuwa kweli kwa namna ile ambayo jiwe nalo ni salama.

Mwezi wa tano dada yangu alikuja. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, anafundisha shule ya msingi Bukoba mjini na anaishi Buhembe, kwenye nyumba aliyojenga na mumewe katikati ya kibanja kidogo. Mumewe anafanya kazi Mwanza na huja mwisho wa mwezi. Dada alikaa nasi siku mbili. Siku ya pili alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama nikiosha vyombo.

"Hilo sufuria umeshaliosha," alisema.

Nikaliangalia. Lilikuwa safi na kavu. Nilikuwa nimelitoa kichanjani nikaanza kuliosha upya.

Jioni aliwaambia wazazi kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani, na kwamba ataondoka nami. Mama alisema ni sawa. Baba alikuwa akisikiliza redio, akaipunguza sauti, akasikiliza mpaka dada akamaliza, akaipandisha tena.

Kule Buhembe maisha yalikuwa yaleyale ila hakuna aliyeniita Sista. Dada alitoka asubuhi na mapema na madaftari yake, akarudi alasiri. Mimi nilipalilia maharage, nikapika, nikafua. Mwezi huohuo mama akaanza kuja kwetu kila mwezi, kwa sababu kliniki yake ilihamishiwa Bukoba. Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, na presha nayo ikaifuata. Alifika siku moja kabla ya kliniki, akalala kwetu, na kesho yake dada akampeleka hospitali. Mara ile ya kwanza alirudi na karatasi ya maelekezo, akaikunjua mezani, akatuambia nesi amemkataza soda, sukari, mafuta mengi na keki.

"Keki," alisema mama. "Mimi keki nilikula lini?"

Dada alicheka, kisha akanigeukia. Akasema tuna mtu hapa aliyekaa miaka tisa akiokea wageni keki, na kwamba lazima kuna namna ya kuoka keki ambayo mtu wa kliniki anaweza kuonja kipande bila kumwogopa nesi. Nikasema nitajaribu. Siku hizo nilikubali kila nilichoambiwa, kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Kweli nilikuwa wa jikoni kule utawani, na keki nilizijua, lakini nilizijua za aina moja: mayai kumi, siagi kopo zima, sukari mpaka mwiko unasimama. Zilikuwa keki za maaskofu na za wafadhili. Nyepesi sikuwahi kuioka. Nikakaa na daftari la dada nikaanza kupunguza. Mayai mawili. Mafuta ya alizeti robo kikombe. Badala ya sukari nyingi, ndizi mbili fupi zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, zipondwe kwa uma. Maziwa ya mgando ili keki isiwe kavu. Juu yake vipande vya nanasi, na juu ya nanasi chenga: unga, kijiko kimoja cha sukari, mdalasini na siagi kidogo, vipekechwe kwa ncha za vidole mpaka vifanane na chenga za mchele, vinyunyizwe viive viwe vikavu na vya kuvunjika. Chenga hizo nilijifunza kwa sista mmoja mzee ambaye alizitumia kuficha keki zilizopasuka.

Oveni hatukuwa nayo. Dada alikuwa na sufuria kubwa la pilau la siku za sherehe. Tulimwaga mchanga ndani, mchanga wa ziwani aliobaki nao tangu walipopiga plasta, tukaweka kopo la keki juu ya mchanga, tukafunika kwa sinia na juu ya sinia tukaweka mkaa. Nanasi tulilinunua kwa wamama wanaouza barabarani upande wa Maruku, nanasi kubwa, limeiva mpaka linanukia ndani ya mfuko.

Keki ya kwanza niliioka Jumapili, kwa majaribio, mama akiwa bado yuko Nshamba. Kwa juu ilipendeza. Chenga zilikuwa na rangi ya kahawia, jikoni kukanukia mdalasini, na mimi nikaingiza kisu katikati nikakitoa kimejaa uji. Sikuwa nimelichuja nanasi. Maji yake yote yalikuwa yameshuka chini, na keki ilikuwa imeiva pembeni kama ukuta unaozunguka dimbwi.

Dada alichukua vijiko viwili. Tukakaa kwenye vigoda, kopo katikati yetu, tukala ule uji wa moto kwa vijiko pamoja na chenga zake. Dada akasema kwa sauti ya nesi kwamba hii ndiyo keki nyepesi kweli, nyepesi mpaka inamiminika. Nikacheka. Kicheko kilinitoka puani pamoja na maziwa mgando na unga, nikapaliwa, dada akanipiga mgongoni, nikacheka tena. Hakikudumu. Nilipoosha lile kopo nilikuwa nimesharudi palepale nilipokuwa, na mikono yangu ilikuwa inasugua peke yake. Lakini nakumbuka dada aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaondoka jikoni.

Mwezi wa sita mama alikuja tena. Kliniki ilikuwa Ijumaa, na akafika Alhamisi kabla ya saa sita, dada akiwa shuleni. Nilikuwa nimeshalikata nanasi na kulitia kwenye chujio, maji yanadondoka kwenye bakuli. Mama alikunywa maji hayo, akasema waitu jamani, hii sukari nesi hakuiandika kwenye karatasi. Kisha akavuta kigoda akaniuliza afanye nini. Nikampa bakuli la unga na siagi nikamwonyesha jinsi ya kupekecha: usikande, usibane, vidole viteleze tu, siagi isipate joto la kiganja. Alielewa mara moja. Mikono yake imepukuchua maharage na kuchambua kahawa tangu akiwa mtoto.

Tulifanya kazi pamoja. Mimi naponda ndizi, yeye anapekecha. Mama hakuninyanyulia macho aliposema:

"Siku ya nadhiri zako mlitupa keki."

"Nakumbuka, Mae. Nilioka mimi."

"Sikuila. Niliifunga kwenye leso nikaja nayo nyumbani."

Nikamuuliza alimpa nani. Akasema hakumpa mtu. Akasema walipofika nyumbani baba aliketi uwanjani na wageni, wanamshangilia, wanamwita baba Sista, na yeye, mama, akachukua jembe akaenda kule mwisho wa kibanja wanakolala wazee wetu, akachimba chini ya mgomba, akaizika ile keki na leso yake.

"Watu walikuwa wanacheza," alisema. "Mimi nilikuwa nimetoa mtoto. Nikatafuta pa kuliweka jambo hilo."

Alisema kama anavyosema mambo ya maharage. Vidole vyake havikusimama. Nami nilijua kwamba nimeambiwa kitu kikubwa, labda kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuambiwa na mama yangu. Nilijua kama unavyojua kwamba nje kuna baridi kwa kuona watu wamevaa masweta. Nikaona uma uko mkononi mwangu, nikaendelea kuponda.

"Baba anajua?"

"Aliuliza leso iko wapi. Nikamwambia imepotea."

Akaongeza, "Na sasa umerudi. Sijui nifukue nini." Akanipa bakuli niangalie kama chenga zimekuwa sawa. Zilikuwa sawa kabisa, nzuri kuliko zangu.

Keki hiyo iliiva. Nilichanganya vitu vikavu peke yake na vya majimaji peke yake, nikaviunganisha mwishoni bila kukoroga sana, nikapanga nanasi lililokauka, nikanyunyiza chenga za mama. Tulikaa karibu na jiko tukiongeza na kupunguza mkaa juu ya sinia. Dada aliporudi alikuta iko mezani inapoa. Mama alikata kipande chembamba, akala polepole, akavunja chenga zilizobaki kwenye sahani kwa kidole akazila nazo. Akasema si tamu sana. Dada akamwambia ndiyo maana yake. Mama akasema hajalalamika.

Ijumaa, baada ya kliniki, aliomba kilichobaki. Alikifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, akakitia kwenye kikapu chake chini ya dawa. Hakusema ni cha nani, na hatukuuliza.

Jumapili alimpigia dada simu. Dada aliweka sauti ya nje ili nami nisikie. Mama alieleza hali ya kahawa, akaeleza ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye viazi, na mwisho akasema kwamba baba alikula ile keki. Aliuliza hivi vya njano ni nini, akaambiwa nanasi. Akala kipande cha pili. Halafu akauliza ni nani aliyeioka, ingawa alijua.

"Ukamwambiaje?" dada aliuliza.

"Nilimwambia ni mtoto wako."

Wiki tatu baadaye baba alikuja Buhembe. Hakuwa ametoa taarifa. Nilikuwa naanika nguo nikamwona anaingia kwa njia ya nyuma, amevaa lile koti. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamwekea kiti kivulini, nikamletea maji. Alikunywa yote. Akaniuliza maharage ya dada yamebeba vipi, nikamweleza. Akauliza maji yanatoka kila siku, nikasema yanatoka. Kisha akakaa na glasi tupu mkononi, na mimi nikakaa kwenye mkeka.

"Jumamosi jumuiya inakuja kwetu," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Watu watakuwa wengi. Hiyo keki moja haitatosha."

Nikasema naweza kuoka mbili. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka, akaniambia niandae begi. Hakungoja dada arudi. Nilimwachia dada ujumbe kwa jirani, tukaondoka, baba mbele na mimi nyuma, na begi alilibeba yeye.

Nilioka keki tatu Ijumaa ile, kwa sababu mama hakuamini kwamba mbili zingetosha. Sufuria lilikuwa la kuazima, mchanga tuliuchota mtoni ukatuchukua asubuhi nzima kuuosha na kuukausha. Mama alifanya chenga zote. Jumamosi saa kumi jioni watu walijaa sebuleni na wengine barazani. Yule mama aliyekuwa akinitazama tumbo alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Tulisali rozari, tukasikia somo, watu watatu wakatafakari kwa kirefu, matangazo yakasomwa. Ilipofika sala ya kufunga, yule mama akasema ingefaa Sista atuongoze, kwa kuwa tumebahatika kuwa naye.

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa mlangoni mwa korido na kisu cha kukatia keki, na watu wote walikuwa wanaangalia sakafu.

Baba alifunga biblia yake.

"Hapa hakuna Sista," alisema. "Huyu ni binti yetu. Amerudi nyumbani. Sala ataongoza katibu, kisha mtakula keki aliyotuokea."

Katibu akainuka akaongoza. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Nilisikia mbuzi wa jirani. Nilisikia katibu akichanganya maneno ya sala kwa haraka. Baadaye nikaingia na sinia, nikapita kwa kila mtu, na kila mtu akachukua kipande akasema asante, na nilipofika kwa baba alichukua kipande chenye chenga nyingi akakiweka kwenye kiganja kama mtu aliyepewa kifaranga.

Tangu siku hiyo niliacha kuitwa Sista, isipokuwa na watu wawili wazee ambao hawasikii vizuri. Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kufundisha chekechea hapohapo Nshamba, watoto wa miaka minne na mitano. Baba huniuliza jioni wamejifunza nini, nami humwambia. Leso mama hakuifukua. Nilimuuliza mara moja akasema imeshaoza, mgomba umeshaila. Naendelea kuoka ile keki mama anapotoka kliniki na vipimo vyake viko vizuri. Vikiwa vibaya, hatuoki.

Kuhusu ule ubaridi ulionikaa ndani, watu wa vitabu vya sala wangesema siku moja niliguswa moyo kanisani. Haikuwa hivyo. Ilikuwa bombani, asubuhi ya Jumatano, nimepanga foleni na madumu manne, na mwanamke nisiyemjua akaja akaweka dumu lake mbele ya langu kana kwamba mimi sipo. Nikakasirika. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, nikamwambia maneno ambayo sikujua bado ninayo, ya Kihaya tupu, na watu kwenye foleni wakageuka. Aliondoa dumu lake. Nikaenda nyumbani moyo ukinidunda, nikamsimulia mama yote, nani alisema nini, alivyonitazama, nilivyomjibu. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza saa ngapi. Mama aliacha kumenya ndizi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nilijaza madumu yote.

Nilikuwa nimejaza moja. Akajifunga kitenge, akaniambia twende.